Koti la Abdighani

Naro Moru,
14 Januari 2025

Kwa Katibu,
Kamati ya Kumbukumbu ya Daraja,
Isiolo.

Bwana au Bibi,

KUH: JINA LA BABA YANGU KUKOSEKANA KWENYE JIWE

Nimesikia kwa redio kwamba watu wa Isiolo wataweka jiwe tarehe nane Mei mwaka huu, kuwakumbuka wenyeji waliokufa usiku wa 8 Mei 1990, wakati daraja la reli la Mto Kithaayo lilipobebwa na mafuriko na treni ya Mombasa ikaanguka mtoni. Mtangazaji alisoma majina kumi na moja. Nilizima jiko nikasikiliza mpaka mwisho. La baba yangu halikuwemo.

Baba yangu ni Kinuthia Rimberia. Alikuwa na bekari nyuma ya soko, karibu na kinu cha posho. Kama ulikula mkate Isiolo miaka hiyo, ulikula mkate wake. Alitoka Isiolo na wenzake siku ya Jumatatu, wakalala Nairobi, na Jumanne jioni wakapanda treni. Alikuwa anaenda kununua mashine ya kukandia unga. Hakuonekana tena, si mzima si maiti.

Sisi tulihama mwaka uliofuata. Mama sasa ana miaka sabini na minane, na daktari ametuambia moyo wake umechoka. Anataka jambo moja tu kabla hajaondoka: jina la mumewe liandikwe pamoja na wenzake aliosafiri nao. Naomba kamati iliongeze.

Wako mwaminifu,
Nyaguthii Kinuthia


Isiolo, Bulla Pesa,
22 Januari 2025

Nyaguthii!

Wewe ni Nyaguthii wa mkate? Yule aliyekuwa akinipa kona ya mkate iliyoungua kupitia dirisha la nyuma, halafu tunachapwa wote wawili? Mimi ni Sahra, binti ya Abdighani wa lori. Nilipofika kwenye jina lako pale chini nilicheka peke yangu ofisini, halafu nikalia kidogo. Assalaam aleikum, walaal, dada yangu. Miaka thelathini na tano! Mama yako yuko hai, alhamdulillahi. Msalimie sana.

Namba yako ya simu nimeiona na nilitaka kukupigia palepale. Lakini kamati inataka kila jambo kwa karatasi. Na haki, mambo ya marehemu kwa simu hayanipendezi, mtu anasikiliza huku akisukumwa na boda boda. Nimempa dereva wa gari ya Nanyuki bahasha hii. Ukijibu, mpe huyohuyo. Ni mtu wa kuaminika ingawa ana maneno mengi.

Sasa sikiliza. Mimi ni katibu tu. Mwenyekiti ni Adeer Robow, baba yangu mdogo, utamkumbuka, yule kijana mrefu aliyekuwa turniboi wa baba, msaidizi wake kwenye lori. Ndiye aliyeleta sharti kwamba jina haliingii kwenye jiwe bila kaburi au cheti cha kifo. Alisema watu wataleta majina ya kila aliyepotea tangu vita vya shifta. Nilipomtajia jina la baba yako alisema hapana kabla sijamaliza sentensi. Aliacha chai yake mezani akatoka. Adeer haachi chai, ujue.

Usikate tamaa. Baba zetu waliondoka pamoja, hilo mji mzima unalijua. Mimi wangu nilimpata. Adeer alienda kule na lori akamleta, tukamzika hapa, na kila Ijumaa naenda kumng'olea magugu na kumsomea Yasin. Siku ya mazishi mama yako alituletea mikate sitini, na yeye mwenyewe hajui wake yuko wapi. Ayeeyo Habon, nyanya yangu, aliizungumzia mikate ile mpaka alipokufa.

Niandikie habari za baba yako, alivyokuwa, kila kitu. Nitaisoma barua hiyo mbele ya kamati nzima, tuone nani atasema hapana.

Wako,
Sahra Abdighani


Naro Moru,
3 Februari 2025

Sahra mpendwa,

Bwana asifiwe. Nimemsomea mama barua yako mara mbili. Macho yake yamekwisha lakini masikio bado yanasikia hata yasiyotakiwa. Alicheka kuhusu kona ya mkate. Anasema alijua siku zote.

Lakini niseme ukweli, hilo sharti limeniuma. Cheti hatuna kwa sababu kaburi hatuna. Kaburi hatuna kwa sababu mto ulimchukua. Sasa mtu aliyechukuliwa na mto akajipatie wapi kaburi?

Kesho yake baada ya mazishi ya baba yako, mama alienda kule mtoni akakaa siku tisa. Alitembea ukingo wa chini, kila walipotoa mtu anaenda kuangalia. Aliporudi Isiolo alikuta maneno yamemtangulia. Kuna mtu alisema baba ameonekana Moshi. Mwingine akasema ana mke huko, kwamba ajali ilimfaa, amepata nafasi ya kutoroka. Ndiyo sababu tulihama, Sahra. Mama alishindwa kuuza mkate kwa watu waliokuwa wanamwonea huruma kwa jambo lisilokuwepo. Mpaka leo kanisani kwetu kuna Jumapili ya wajane. Mchungaji anawaita wasimame waombewe. Mama huwa anabaki amekaa. Hajui asimame na nani.

Umeniuliza baba alikuwaje. Alikuwa mrefu, kama baba yako, watu wakiwaona kwa nyuma walikuwa wanawachanganya. Alikuwa anaimba akikanda unga, vibaya. Mikono yake, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, ilijaa makovu ya moto, mistari mistari, kwa sababu ya kuingiza trei kwenye tanuri kila alfajiri miaka kumi na saba. Nikiwa mdogo nilikuwa nayahesabu. Mkono wa kushoto yalikuwa ishirini na tatu.

Wasomee hayo.

Nyaguthii


Isiolo,
19 Februari 2025

Nyaguthii walaal,

Nimewasomea.

Tulikuwa watu tisa. Walisikiliza vizuri, hata Mzee Abduba ambaye hulala kila mkutano alikuwa macho. Nilisoma habari ya Moshi na watu wakaangalia chini, kwa sababu baadhi yao ndio walioisema. Nikaendelea. Nilipofika kwenye makovu ya mikono, Adeer Robow akasema, "Inatosha." Nikamwambia bado kuna mstari mmoja. Akasema tena, "Sahra, inatosha," akafunga mkutano bila dua. Bila dua! Watu walibaki wamekaa kama waliosahau kilichowaleta.

Nimekasirika naye, wallahi. Nilimfuata mpaka kwake nikamwambia, Adeer, una nini na mtu huyu? Alikukosea? Akasema Kinuthia hakuwahi kumkosea mtu. Basi kwa nini? Akaingia chumbani akafunga mlango, mtu wa miaka hamsini na tisa.

Labda ni uchungu. Ajali ile haijamtoka. Wewe hujui, lakini Adeer hajawahi kuingia makaburini kwa baba. Hata siku ya Idi anasimama getini sisi tukiingia. Na kila Mei husafiri siku mbili, anasema anaenda kutafuta vipuri vya lori. Lori lenyewe tuliliuza zamani. Sisi humwachia tu.

Nenda kwa chifu wenu uapishwe kwamba baba yako alipotea siku hiyo. Ukileta karatasi yenye muhuri, Adeer atanishinda na nini? Mwambie mama asiwe na wasiwasi, nitapigana.

Sahra


Naro Moru,
2 Machi 2025

Sahra,

Ramadhani njema. Najua mmeanza jana.

Nilipomsomea mama barua yako aliniambia nirudie pale Adeer aliposema inatosha. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Halafu akasogeza sahani yake kando, akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia.

Asubuhi ile wanaume walipoondoka Isiolo, baba alitoka nyumbani bila koti. Mama alimkimbilia mpaka steji, akamwambia kwenye treni usiku kuna baridi. Baba akasema Mombasa ni joto, koti la nini. Baba yako alikuwa amesimama pale na lile koti lake refu la kijivu. Akacheka akamwambia mama, "Shemeji, rudi nyumbani. Koti langu litatutosha wawili."

Mama ana maswali mawili, na ameniapisha niyaandike kama alivyoyasema. La kwanza, baba yako mlimtambua kwa kitu gani? La pili, nani alimwosha?

Nisamehe. Mimi nilikataa kuyaandika. Amesema nisipoyaandika atapanda gari aje kuyauliza mwenyewe, na hawezi hata kufika barabarani.

Nyaguthii


KAMATI YA KUMBUKUMBU YA DARAJA
Isiolo, 10 Machi 2025

Bi. Nyaguthii,

Nimefunga, kwa hivyo nitachunga mdomo wangu.

Nimeelewa mnachouliza. Nilifungua mkono kuwasaidia, na nyinyi mnataka kunifukulia baba. Baba yangu alitambuliwa kwa koti lake na kitambulisho chake kilichokuwa ndani ya koti. Alioshwa na ndugu yake wa damu na Mzee Halake, aliyekuwa akiosha maiti za mji huu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ndugu hamjui ndugu yake?

Nimelisafisha kaburi lile tangu nina miaka kumi na mmoja. Nilipoolewa nilienda kumwambia. Nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza, nilikaa pale. Nyinyi mlihama. Msije leo kuniambia nilikuwa naongea na nani.

Ombi lenu litajadiliwa kwa utaratibu wa kawaida.

Sahra Abdighani,
Katibu


Isiolo,
2 Aprili 2025

Kwa Mama Nyaguthii,

Salamu. Mimi ni Robow. Mkono wangu si wa kuandika, lakini hii siwezi kumpa mtu mwingine aniandikie. Nimengoja mfungo uishe kwa sababu nilitaka kufunga Ramadhani moja nikijua nitasema.

Sahra amenionyesha maswali yako. Nitajibu yote mawili.

Nilifika kule Jumamosi. Walikuwa wamelaza watu kwenye ghala. Siku nne majini, mama, sura haziangaliki. Karani aliniuliza jina, akaniletea koti la kijivu limevaliwa na mtu. Ndani ya mfuko kulikuwa na plastiki, na ndani ya plastiki kitambulisho cha ndugu yangu na ile kadi ya pinki waliyotupa Wasomali. Unakumbuka miaka ile, Msomali hakutoka hata kununua kiberiti bila karatasi hizo mbili. Mumeo yeye aliweka kitambulisho kwenye begi kama watu wasiosimamishwa barabarani, na begi lilienda na maji. Nilitia sahihi. Nilimpakia kwenye lori nikaendesha bila kusimama.

Jumapili mchana nilifika. Kaburi lilishachimbwa, wanaume wamejaa mpaka barabarani. Mama yangu Habon hakuwa amekula tangu Jumatano. Alishika shuka akasema, "Alhamdulillahi, nimempata mwanangu." Tukaingia nyuma ya pazia, mimi na Mzee Halake. Nikamvua koti. Nikamvua shati. Nikaona mikono.

Ndugu yangu alikuwa mtu wa lori. Hakuwa na alama ya moto hata moja.

Halake alijua kama nilivyojua, alinunua mkate kwako kila siku. Aliniangalia akasema, "Ya maiti hubaki na maiti." Kwetu mwosha maiti hasemi alichoona kwenye mwili. Tulifundishwa hivyo, na ni jambo zuri. Nje nilimsikia mama yangu anashukuru. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nikasema bismillahi nikamwagia maji.

Baada ya mazishi waliniletea chai na mkate. Mkate wako. Niliula, mama. Nilijua ni matanga ya nani na nikaula.

Kama ningeishia hapo labda Mungu angeniangalia kwa huruma. Lakini baadaye nilisikia sokoni wanasema Kinuthia ametoroka, ana mke Moshi, na ni mimi na Halake peke yetu tuliojua amelala wapi. Nikanyamaza. Kumsitiri maiti ni ibada. Kumwacha aliye hai asingiziwe, hiyo si sitara, ni woga. Mama yangu alipokufa nikasema sasa nitasema. Nikamwangalia Sahra na jembe lake dogo la Ijumaa, nikashindwa tena. Halafu likaja hili jiwe, nikaweka sharti la kaburi ili jina la mumeo lisiletwe mezani.

Ndugu yangu hakupatikana. Wale wasiojulikana walizikwa pamoja juu ya kilima, karibu na daraja. Kila Mei naenda pale nasoma Fatiha, sijui kama ni yeye au si yeye.

Wazee husema mwosha huoshwa. Mimi sijui atakayeniosha ataona nini. Sikuombi unisamehe leo. Nakuambia tu mumeo yuko Isiolo, safu ya tatu kutoka getini, na hakutoroka.

Robow


Isiolo,
16 Aprili 2025

Nyaguthii,

Adeer alinisomea barua yake kabla ya kuituma. Alisoma amesimama. Sikumsemesha siku sita. Siku ya saba nikampelekea chai, kwa sababu nani mwingine atampelekea.

Ile barua yangu ya Machi, ichome. Naona aibu mpaka miguuni.

Ijumaa nilienda makaburini kama kawaida. Nilifika nikasimama na jembe langu, sikujua nianze na salamu gani. Miaka yote namwambia "Aabo," yaani baba. Sasa nimwite Mzee Kinuthia? Nikaona magugu yameota baada ya mvua, nikayang'oa tu. Halafu nikakaa nikalia kwa sauti, mlinzi wa makaburi akaja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Nimelia kwa hasira pia, nikuambie. Nyinyi mmepata, mimi nimenyang'anywa. Najua si kosa lenu. Lakini ukiamka asubuhi una kaburi na jioni huna, unamkasirikia hata kuku.

Sasa mambo ya kazi. Kamati imekaa, Adeer amewaambia wote kwa mdomo wake, na amejiuzulu. Jina la baba yako litaingia, majina yatakuwa kumi na mawili, la baba yangu likibaki kwa sababu alikufa kweli. Kuhusu kaburi, tulienda kwa sheikh. Alisema tuwaulize wenye mtu wao kwanza, mengine yatafuata. Kwa hivyo nawauliza. Mkitaka kumchukua mkamzike Naro Moru kwa maombi ya kanisa lenu, sitasimama njiani. Nitawasaidia kutafuta vibali mwenyewe.

Niambie tu siku mapema. Nataka niwe nimemaliza kupasafisha.

Sahra


Naro Moru,
28 Aprili 2025

Sahra dada yangu,

Mama alilazwa Nanyuki baada ya barua ya Robow, siku tano. Si kwa mshtuko, daktari amesema ni moyo uleule. Alikuwa anaomba asomewe barua ile hata akiwa na mpira wa hewa puani. Manesi walifikiri ni Biblia.

Luke, ndugu yangu, ambaye hajawahi kumwona baba kwa sababu mama alikuwa na mimba yake, alitaka tumchukue mara moja. Alishapata hata lori. Alisema mtu wa kanisa hawezi kulala kwa jina la Kiislamu. Walibishana na mama palepale wodini mpaka wakafukuzwa, yaani Luke akafukuzwa.

Mama amesema hivi, na mimi naandika neno kwa neno:

"Mwambie Sahra asichimbe. Kinuthia ameombewa kila Ijumaa kwa miaka thelathini na mitano na mtoto wa rafiki yake. Mimi niliyemzaa Luke tangu nirudi kutoka mtoni sikumwombea hata mara moja, nilikuwa namlaumu. Nani amemtunza? Abdighani alisema koti lake litawatosha wawili, na likatosha. Kaburi pia litatosha. Andikeni majina yote mawili."

Na kuna jambo jingine. Ile siku ya tisa, kabla hajarudi, mama alipanda kile kilima cha wasiojulikana. Aliokota jiwe jeupe mtoni akaliweka kwenye kona, akasali, akidhani labda anamwachia baba. Anasema sasa anafikiri alikuwa anamwachia baba yako. Basi baba yako naye hakuondoka bila mtu wa kumwombea. Mvua zikiisha nitakupeleka. Mama amenichorea ilipo kona.

Tutakuja tarehe nane. Atakuja kwa gari la Luke, amelala kiti cha nyuma, na amekataa kushauriwa. Anauliza kama bado kuna mtu ana tanuri la kuni.

Nyaguthii


Isiolo,
3 Mei 2025

Walaal, haraka haraka, gari linaondoka.

Tanuri lipo, la Beverlyne, yule anayeuza maandazi pale hospitali. Mwambie mama unga nimenunua mimi, asibebe chochote. Kibao cha kaburi kimeandikwa. Fundi aliniuliza nani atangulie, nikamwambia aliyelala.

Adeer anauliza kama aje au akae nyumbani. Sikumjibu. Mwulize mama.

S.


Naro Moru,
3 Juni 2025

Sahra,

Tulifika salama siku ile, pole kwa kuchelewa kuandika. Mama alilala wiki nzima. Anasema amechoka vizuri.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa umeenda kuchota maji. Adeer wako alikuwa amesimama pale getini makaburini, kama ulivyoniambia husimama. Mama alimwona akaniambia nimpeleke. Nikaogopa. Mama alimshika mkono, mkono wake mwenyewe ukiwa bado na unga wa mikate sitini tuliyooka asubuhi ile, akamwuliza, "Ulimwosha vizuri?"

Akasema, "Nilimwosha kama ndugu yangu."

"Hata mikono?"

"Mikono ndiyo niliyoosha zaidi."

Mama akasema, "Basi ingia." Akamwegemea, wakaingia. Uliporudi na ndoo uliwakuta tayari ndani, ukafikiri mimi ndiye niliyemleta. Si mimi.

Luke bado hajatulia, lakini amebandika ile picha ya kibao ukutani, na ameacha kusema habari ya lori. Mkate uliobaki tuliurudisha nyumbani. Kona zilizoungua nimekuwekea, utazikuta zimekauka kama matofali.

Jumapili iliyopita, tarehe moja, ilikuwa ile siku kanisani. Mchungaji aliwaita wajane wasimame. Mama alishika kiti cha mbele akasimama. Mchungaji alimwangalia akafikiri amekosea, akampungia mkono polepole akae. Mama hakukaa.

Nyaguthii